Mtoto Anaujua Wema, Kinachobaki Ni Kuutenda

Muulize mtoto wa miaka mitano iwapo ni vizuri kumnyima mwenzake kalamu ya rangi. Atakujibu haraka, tena kwa kukaza sauti, kwamba ni vibaya. Muulize afanye nini mwenzake akianguka: atasema amwinue, ampe pole, amwite mwalimu. Kisha mpe kalamu sita za rangi, mwenzake usimpe hata moja, ukae kando utazame. Wengi katika hao waliojibu vizuri watazikumbatia zote sita.

Swali zima la kuwafundisha watoto wadogo urafiki na wema limo katika pengo hilo. Wazazi na walimu wengi hulichukulia kana kwamba mtoto hajaambiwa vya kutosha, kwa hiyo huongeza mawaidha, na mawaidha yakishindikana huongeza ukali. Lakini mengi yaliyochunguzwa kwa karibu karne nzima, yakiwemo yaliyoonekana hapa kwetu Afrika Mashariki, yanaelekeza kwingine. Mtoto huujua wema mapema kuliko tunavyodhani. Anachokosa ni mazoezi ya kuutenda, na watu wazima wa kumwachia nafasi ya kuyafanya.

Anachokuja nacho

Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa miezi 18. Katika jaribio mojawapo mtu mzima asiye wa nyumbani alikuwa akianika nguo, akaangusha kibanio, akawa ananyoosha mkono bila kukifikia. Hakumwomba mtoto chochote wala hakumwahidi kitu. Watoto wengi walikiokota kibanio wakampa. Kibanio kilipotupwa makusudi, hawakuhangaika nacho sana. Yaani mtoto ambaye maneno yake bado yanahesabika alikwisha kutambua nani anahitaji msaada na nani hauhitaji.

Mama yeyote aliyefua nguo uani huku mtoto akimzungukazunguka anaifahamu tabia hiyo. Mtoto huleta sabuni, huburuta ndoo, huchukua soksi moja na kuipeleka kwenye kamba ambayo hawezi kuifikia. Mara nyingi humwaga maji, akafukuzwa. Ni kweli kazi huenda haraka zaidi akiwa mbali, lakini anayefukuzwa kila siku kwa kuwa anasumbua hujifunza kwamba kusaidia si kazi yake, na akifika miaka minane akaitwa asaidie, hushangaa anaitiwa nini.

Mwaka 2008 watafiti hao wawili waliongeza jambo ambalo kila mzazi anafaa kulijua. Watoto wa miezi 20 waliokuwa wakipewa kitu kidogo cha kuchezea kila waliposaidia walipunguza kusaidia pale zawadi zilipokoma. Waliosifiwa kwa mdomo tu, na hata wale ambao hawakupewa chochote, waliendelea. Zawadi iligeuza msaada ukawa biashara, na biashara ikikosa faida hufungwa. Anayemwambia mtoto kwamba akimpa mdogo wake mpira atanunuliwa biskuti ananunua amani ya jioni moja kwa bei kubwa.

Asichokiweza bado

Upande wa pili ni mambo ambayo umri wenyewe haujayaruhusu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika mwaka 1932 kuhusu mazungumzo yake na watoto juu ya haki na kosa. Aliwasimulia visa viwili. Katika kimoja mtoto anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna vikombe, na vikombe 15 vinavunjika. Katika kingine mtoto anaiba jamu kabatini na kuvunja kikombe kimoja. Nani kakosa zaidi? Watoto wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15. Walipima kosa kwa ukubwa wa hasara, nia haikuwa na uzito mkubwa. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne aliyekanyagwa kwa bahati mbaya hulia na kurudisha pigo kana kwamba amechokozwa, na kumwambia kwamba mwenzake hakukusudia hakumtulizi mara moja.

Kumbuka pia kwamba kabla ya kama miaka minne hivi, watoto wengi hupata taabu kuelewa kwamba kichwani mwa mwingine mna mawazo yasiyo sawa na ya kwao. Heinz Wimmer na Josef Perner walilionyesha hilo mwaka 1983 kwa kisa cha mvulana aliyeiacha chokoleti yake kabatini, mama akaihamisha asipokuwepo. Akirudi, ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu husema pale ilipohamishiwa, kwa sababu yeye anajua iko pale. Anayekwama hapo hawezi kuambiwa tu ajiweke mahali pa mwenzake akaelewa. Lazima asaidiwe, tena kwa jambo linaloonekana: tazama machozi yake, tazama kiatu chake kilivyolowa.

Urafiki nao katika umri huo una maana yake. Mildred Parten, aliyewachunguza watoto wakicheza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1932, alieleza jinsi wadogo wanavyokaa pamoja kila mmoja akicheza mchezo wake, na jinsi kushirikiana kwa kugawana kazi kunavyoongezeka umri unavyopanda. Kwa mtoto wa miaka minne, rafiki ni yule anayecheza naye sasa. Saa tatu asubuhi atatangaza kwamba hamchezeshi tena, na saa nne wanakula uji benchi moja. Mtu mzima anayelichukua tangazo la saa tatu kuwa ni roho mbaya, akaingilia kwa hasira, anamsomea mtoto hesabu ya watu wakubwa.

Kati ya kujua na kutenda

Sasa turudi kwenye kalamu sita. Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu hadi minane waliopewa stika na kuulizwa jinsi ya kuzigawa. Hata wadogo walisema kwamba inafaa kugawa sawa kwa sawa. Ulipofika wakati wa kugawa, wadogo walijipendelea, na wa miaka saba na minane ndio waliokaribia kufanya walichokisema. Linalofikirisha zaidi ni kwamba wadogo hao walipoulizwa mapema wao wenyewe watafanya nini, walitabiri kwamba watabakiza nyingi. Hawakuwa waongo wala hawakuisahau kanuni. Waliijua, ila ilikuwa haijawa nzito kuliko tamaa ya stika iliyokuwa mkononi.

Mwaka 2015 Blake na wenzake walitoa matokeo kutoka jamii saba, Uganda ikiwa mojawapo. Watoto wawili walikaa wakitazamana, na mmoja alikuwa na uwezo wa kukubali au kukataa mgao wa vitu vitamu; akikataa, wote walikosa. Katika jamii zote saba watoto walifikia umri wa kukataa mgao uliowapa wao kidogo na mwenzao kingi. Lakini kukataa mgao uliowapendelea wao wenyewe kulionekana katika jamii tatu tu: Marekani, Kanada na Uganda, tena kwa watoto wakubwa zaidi. Kuchukia kupunjwa kunakuja karibu kila mahali. Kuchukia kumpunja mwingine huchelewa, na hutegemea mazingira mtoto anamokulia. Basi tunajua mahali pa kuweka nguvu. Mtoto hahitaji somo la kudai haki yake. Anahitaji miaka ya mazoezi ya kuiona haki ya mwenzake.

Tunavyozoea kufanya

Njia ya kwanza tunayoikimbilia ni amri: mpe mwenzako. Kitu hutolewa, kelele huisha, na mtu mzima hurudi kwenye shughuli zake. Nadia Chernyak na Tamar Kushnir waliilinganisha njia hiyo na nyingine mwaka 2013 kwa watoto ambao bado hawajaanza shule ya msingi. Waliopewa uchaguzi mgumu, kubaki na stika yao au kumpa kikaragosi mwenye huzuni, walitoa zaidi walipokutana na kikaragosi kingine kuliko wale ambao mara ya kwanza walilazimika kutoa. Aliyelazimishwa alitii tu, ilhali aliyechagua alijiona mwenyewe akitoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, na moyo hautoi kwa kushikwa mkono.

Njia ya pili ni samahani ya lazima. Mtoto anashikwa bega, anageuzwa, anaambiwa aseme. Analitamka neno akitazama chini, mwenzake bado analia, na shauri limefungwa. Adabu ya kuomba radhi ina thamani kubwa kwetu na haifai kuachwa. Tatizo ni kuifanya iwe mwisho wa shauri wakati mtoto hajaangalia alichokisababisha wala hajarekebisha kitu.

Njia ya tatu ni fimbo. Kenya iliipiga marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaikataza waziwazi. Tanzania Bara bado inaongozwa na kanuni za mwaka 1979 zinazoiruhusu kwa masharti. Tuliache kando suala la kisheria, tuangalie somo lenyewe. Mtoto anayechapwa kwa kuwa amempiga mwenzake anaambiwa kwa mdomo kwamba kupiga ni vibaya, na anaonyeshwa kwa mkono kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Majaribio ya Albert Bandura ya mwaka 1961, ambapo watoto waliiga ukali wa mtu mzima waliyemwona akilipiga sanamu la kuchezea, yalithibitisha jambo ambalo kila bibi analijua: mtoto hufuata unachokitenda.

Ugomvi hushughulikiwaje basi? Chukua watoto wawili wanaovutana ndoo ya kuchezea mchanga. Mmoja anapiga kelele: "Mwalimu, kaninyang'anya!" Mwalimu anayeijua kazi yake hapigi kelele kutoka mlangoni. Anakwenda, anachutama, anaishika ndoo bila kumpokonya yeyote. Anataja anachokiona: "Asha analia. Juma umekasirika." Anampa kila mmoja nafasi ya kusema, mwingine akingoja. Kisha anauliza: "Ndoo ni moja, ninyi wawili. Tufanyeje?" Jibu la kwanza huwa "yangu mimi". Anangoja. La pili au la tatu huwa ni zamu, au mmoja achote mchanga na mwingine amwage. Wakikubaliana anawaachia, na dakika chache baadaye anapita kuangalia kama zamu imefuatwa. Kama Asha ameumia, Juma anaulizwa amfanyie nini: amletee maji, ampanguse mchanga. Samahani ikija baada ya hapo, inakuwa na kitu ndani yake.

Shauri hilo huchukua dakika tano. Limefanya mambo ambayo mahubiri hayawezi: limeitaja hisia, limeonyesha athari kwa mwenzake, limeacha uamuzi kwa watoto na limetengeneza kilichoharibika. Ni kama lugha, ambayo mtu huipata kwa kuisema vibaya mara nyingi mbele ya watu wanaomsikiliza.

Funzo la Nyansongo

Katika miaka ya 1950 watafiti walikwenda Nyansongo, miongoni mwa Wakisii wa Kenya, ikiwa mojawapo ya jamii sita za dunia walizotaka kulinganisha malezi yake. Nyingine zilikuwa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Beatrice na John Whiting walichapisha matokeo mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliojitokeza zaidi kwa kuwajali na kuwasaidia wengine, na wa mji ule wa Marekani walijitokeza zaidi kwa kutafuta msaada na kutaka kuangaliwa wao. Sababu waliyoiona akina Whiting ni kazi. Mtoto wa Nyansongo alikabidhiwa mapema shughuli ambayo nyumba iliitegemea kwelikweli: kuchota maji, kuchunga, na zaidi ya yote kumtunza mdogo wake. Mtoto mchanga hapokei visingizio. Akilia, lazima ujue ana njaa, usingizi au ameumwa na siafu, nawe una miaka saba.

Carol Ember, aliyefanya utafiti kati ya Waluo wa magharibi mwa Kenya, alitoa mwaka 1973 ushahidi unaokaza fundo hilo. Wavulana waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi zilikuwa za wasichana, kwa kuwa nyumba zao hazikuwa na dada wa umri unaofaa, walikuwa na ukali mdogo na wema zaidi kuliko wenzao. Wema uliodhaniwa kuwa ni maumbile ya wasichana ulionekana kuwa, kwa sehemu kubwa, ni matokeo ya kazi waliyopewa.

Hayo hayamaanishi kwamba tuwarudishie watoto mizigo ya zamani. Msichana aliyekosa shule kwa sababu ya kubeba mdogo wake alidhulumiwa. Lakini tumelikimbia lile kosa hadi tukafika kwenye lingine. Mtoto wa mjini anakaa ndani ya geti, dada wa kazi anamvulia viatu, televisheni inamtuliza, na majukumu yake yote ni kufanya mazoezi ya shule. Ana miaka sita na hakuna kiumbe hata kimoja kinachomtegemea. Kumkabidhi kumsomea mdogo wake picha kitabuni, kumwagilia mche, kumpelekea jirani mgonjwa chungwa akiwa na mtu mzima, na mvulana apewe sawa na msichana, ni mafunzo bora ya wema kuliko bango lolote la ukutani.

Hadithi na michezo

Tunazo nyenzo nyingine, ila zinahitaji kutumiwa kwa akili. Hadithi zetu nyingi hazihubiri wema. Sungura hushinda kwa hila, na mara nyingi anayehadaiwa ni rafiki yake. Kisa cha punda wa dobi, kilichoingia katika mkusanyiko wa Edward Steere mwaka 1870, kinaanza na urafiki wa kima na papa, na urafiki huo unavunjwa na papa anayemchukua mwenzake baharini kwa siri ya kutaka moyo wake. Kuisafisha hadithi hiyo ili papa awe mwema ni kuiua. Nguvu yake iko katika maswali inayoyaacha. Kima alikuwa akimtupia papa matunda kila siku: papa alipaswa kumwambia nini mapema? Kima afanye nini papa akirudi kuomba tunda? Watoto wa miaka mitano hujadili maswali hayo kwa bidii, na katika kujadili hufanya hasa lile zoezi gumu la kuingia katika mawazo ya mwingine.

Michezo nayo ni darasa. Ukuti ukuti haichezeki bila kushikana mikono na wote kwenda kwa mwendo wa aliye taratibu. Katika kombolela, anayewahi kituoni anaweza kuwakomboa wenzake waliokwisha kukamatwa. Katika rede lazima ukubali kwamba mpira umekugusa hata kama hakuna aliyeona. Na watoto wa mtaani huwa na utaratibu wa kumruhusu mdogo acheze bila kuhesabiwa makosa, na utaratibu huo waliuweka wao wenyewe. Tunapoondoa uwanja ili tujenge darasa la ziada la masomo, tunaondoa pia mahali ambapo hayo yote yalikuwa yakifanyika bila mwalimu.

Hata hivyo mchezo una upande mchungu: kuna anayeachwa nje. Vivian Gussin Paley, mwalimu wa watoto wadogo mjini Chicago, alilishughulikia jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1992. Alipendekeza kanuni moja darasani, kwamba hakuna anayeruhusiwa kumkatalia mwingine kucheza. Hakuitangaza tu. Aliijadili na watoto wake kwa muda mrefu, akawauliza na wa madarasa ya juu. Wakubwa walisema ni ya haki, ila haitawezekana. Wadogo ndio walioikubali kwa wepesi zaidi. Kwa maana hiyo tabia ya kuwatenga wengine ina umri wa kuzuilika, na umri huo ni ule tunaousema ni mdogo mno kwa mambo mazito.

Kanuni hiyo inahitaji mpaka wake. Kumkaribisha kila mtu mchezoni hakumaanishi kumpenda kila mtu sawa, wala kuvumilia kuumizwa. Mtoto anayefundishwa kwamba mwema ni yule asiyekataa kitu yuko hatarini, hasa mbele ya mtu mzima mwenye nia mbaya anayemwita rafiki na kumtaka atunze siri. Anayejifunza kusema pole ajifunze pia kusema "sitaki, unaniumiza", na watu wazima wakiheshimu neno hilo hata linaposemwa kwa shangazi anayetaka kumbusu.

Shule ifanye nini

Kwenye karatasi serikali zetu zimekwisha kulikubali jambo hili. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania Bara wa mwaka 2016 uliweka kuhusiana na wengine miongoni mwa umahiri sita wa mtoto, sambamba na hesabu na mawasiliano. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza nchi nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, unataja upendo, heshima, umoja na amani kati ya maadili yake. Kinachokwamisha ni hali ya darasa. Mwongozo wa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini madarasa mengi ya umma yana watoto wengi mno kuliko hao. Mwalimu mwenye watoto 80 hana dakika tano za kuchutama penye ndoo ya Asha na Juma. Atapaza sauti kutoka mlangoni kwa sababu hana namna. Anayetaka watoto wenye utu lazima aone kwamba idadi ya walimu wa awali ni suala la maadili kama ilivyo suala la bajeti.

Na sisi wazazi tunayo sehemu yetu. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi badala ya ushirikiano. Zaidi ya nusu karne baadaye tunamlaki mtoto wa miaka mitano getini kwa swali lile lile: umekuwa wa ngapi? Swali hilo linamwambia kwamba wenzake ni watu wa kuwapita. Tumuulize leo amecheza na nani, nani alikuwa peke yake, na yeye alifanya nini. Tukiuliza hivyo kila siku, na tukimwacha atuone sisi wenyewe tukigawana, tukiomba radhi na kutengeneza tulichoharibu, tutakuwa tumempa mazoezi. Maneno ya wema anayo tayari.